Uliyekuja kujenga kwanza, unyimwe msamaha wa ushuru wa gari?

Mleta mada (Leicester)

Hamjambo wote. Nimekaa Uingereza miaka 14, mwakani narudi Mombasa kukaa, na nataka kurudi na gari langu. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu anayehamia nyumbani kuingiza gari moja bila ushuru, mradi awe ametimiza miaka 18, gari liwe lake mwenyewe, na awe amelitumia huko nje angalau miezi 12. Kenya ina masharti yake juu ya hayo. Uwe umeishi nje miaka 2 kabla ya kurejea, gari lisizidi miaka 8, na katika miaka hiyo 2 matembezi yako ya Kenya, ukiyajumlisha yote, yasipite siku 90.

Kwenye hizo 90 ndipo niliponasa. Nilikuja Mtwapa mara tatu kusimamia nyumba. Aliyewahi kujenga akiwa mbali anajua: pesa za mifuko 60 ya saruji unatuma, unapigiwa picha ya mifuko 60, ukija unakuta ukuta wa mifuko 35. Kwa hiyo nilikuja mwenyewe nikakaa. Wakala wa forodha alipohesabu mihuri kwenye pasi yangu akapata siku 104.

Jirani yangu hapa hajatia mguu nyumbani tangu 2019. Yeye akirudi gari lake linapita. Mimi niliyelipa mafundi, mchanga, kokoto na VAT ya kila msumari, nalipa kama mfanyabiashara wa magari. Naona siku ziongezwe zifike 180. Mwasemaje?

Kisauni

Kaka, pole kwa siku 14 zilizokuponza. Ila mimi naanzia nyuma yako: kwani huo msamaha upewe kwa lipi?

Nilinunua gari langu la kwanza mwaka juzi kwa mkopo wa chama. Chukua gari la injini ya cc 1800 ambalo forodha imelithamini shilingi milioni 1. Ushuru wa forodha Kenya ni asilimia 35 tangu 2023, hizo 350,000. Ushuru wa bidhaa asilimia 25, nao unakokotolewa juu ya milioni 1 na 350,000 zake, kwa hiyo 337,500. VAT asilimia 16 inakuja juu ya jumla hiyo, 270,000. Umeshafika 957,500, na ada ya tamko la kuingiza bidhaa na tozo ya reli bado. Yaani nimenunua gari mara mbili. Mshahara wangu ni wa muuguzi wa kaunti, na mara nyingine unachelewa. Wewe wa pauni ndiye unayesamehewa?

Mleta mada (Leicester)

Dada, gari hili nimeshalilipia kodi huku. Nilinunua na VAT yao ndani, na kila mwaka nalipia kodi ya gari. Sasa nilipe tena?

Kisauni

Ulilipa Uingereza, ukapita kwenye barabara za Uingereza. Za hapa Bombolulu nani alipe?

Wakala (Kilindini)

Nawasoma tu, lakini niseme jambo. Hizo siku 90 sizo zinazowaangusha wengi ninaowahudumia. Wengi wanaangushwa na neno "lake".

Mtu anakuja na cheti cha gari cha Uingereza, jina lake limeandikwa, anadhani kazi imekwisha. Cheti kile kimeandikwa wazi kwamba si ushahidi wa umiliki. Kinamtaja mtunzaji aliyesajiliwa, yaani yule serikali itakayemtafuta kwa faini na kodi. Mwenye gari anaweza kuwa kampuni ya mkopo. Magari mengi huko yananunuliwa kwa malipo ya kila mwezi, na mpaka umalize la mwisho gari ni la mkopeshaji. Hata kulitoa nchini kabisa bila ruhusa yake ni kosa huko huko. Kuna mama mmoja, gari amelitumia miaka minne, risiti na bima vyote kwa jina la mume, na mume amebaki kazini ng'ambo. Nilimwambia ukweli: mama, kwa karatasi hizi wewe ni abiria.

Kwa hiyo ndugu wa Leicester, tafuta risiti ya kununulia na uthibitisho kwamba deni limekwisha. Ukaguzi wa ubora ufanyike huko huko kabla gari halijapanda meli. Ukishaitaarifu mamlaka ya magari ya Uingereza kwamba gari linahama kabisa, watakurudishia kodi ya miezi mizima iliyobaki. Siku 104 nitakuambia faraghani. Hapa nisije nikasemwa nafundisha watu ujanja.

Muscat

Nyinyi mnagombania siku, sisi wa Ghuba usukani wenyewe uko upande wa pili. Gari la kushoto Kenya haisajili, labda yale ya kazi maalumu. Kuna njia imewekwa: uuze lako ulilolimiliki miezi 12, ununue la usukani wa kulia ambalo thamani yake haizidi ya lile ulilouza, na lisizidi miaka 8. Vizuri. Lakini hapo hoja ya kwamba ni "gari nililolizoea" imekufa. Mtu anapewa punguzo la kununua gari jipya machoni pake. Hapo nampa haki huyu dada wa Kisauni, ingawa nitaitumia njia hiyo hiyo inshallah.

Kisauni

Angalau wewe mkweli 😂

Arusha

Mimi Mkenya, nafanya kazi Arusha mwaka wa 9. Nikirudi Nakuru na gari langu la namba za Tanzania sipati msamaha wowote, kwa sababu sheria inasema gari liwe limetumika nje ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sudan Kusini imo tangu 2016, Somalia tangu 2024, kwa hiyo na ndugu wa Juba na Mogadishu nao wajisomee upya. Aliyeko Leicester ni "ng'ambo", mimi niliyevuka mpaka wa Namanga tu ni "ndani", ila nikifika mpakani na namba zangu naulizwa nakaa siku ngapi kama mgeni. Jumuiya inanikumbuka kwenye kunyimwa tu. Bima ya kuvuka mpaka nayo nakata Kadi ya Njano ya COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na Tanzania yenyewe ilitoka COMESA mwaka 2000! Angalau kadi ilibaki, na inafanya kazi.

Dar

Mnasahau gari linalobaki nyumbani wakati mwenyewe yuko nje. Baba alikuwa Denmark, gari limelala uani Tabata, matairi yameisha upepo, na rodi laisensi, ile ada ya gari ya mwaka, ikawa inadaiwa kila mwaka. Mwaka 2017 serikali ikaifuta, ikaongeza shilingi 40 kwa lita ya mafuta. Gari lisilokwenda halilipi. Kenya mwaka 2024 ilitaka kwenda kinyume: asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, kuanzia 5,000 mpaka 100,000, ikatwe pamoja na bima. Kodi hiyo ilitolewa kwenye muswada mwezi Juni, na muswada wenyewe ukaanguka baada ya maandamano. Ingepita, mama mzee aliyeachiwa gari la mwanawe angelipia hata kama linampeleka kliniki mara moja kwa mwezi. Sasa ninyi wa Kenya, kodi kwenye mafuta hamwoni ingemaliza ugomvi? Kila mtu alipe anavyoendesha, wa pauni na wa kaunti.

Kisauni

Tayari tunalipa kwenye mafuta, kaka, na ushuru wa kuingiza hautaondoka. Lakini nimefikiri. Siku 180 sikubali. Nitakubali msamaha uwe na kikomo cha thamani. Gari la familia lipite, mwenye Range Rover alipe kama mimi.

Mleta mada (Leicester)

Langu ni Toyota Auris, dada. Kwa kikomo hicho napita, kwa siku 90 sipiti.

Wakala (Kilindini)

Na mlango wa nyumba ya Mtwapa umeshawekwa?

Mleta mada (Leicester)

Bado. Fundi anasema nije mwenyewe nichague mbao.