Chemchemi ya chini ya tuta la bwawa la umeme imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikae au nihame?

MamaKinyungu (Mufindi)

Kamwene wanyalukolo, na wakubwa wote humu shikamooni.

Nina kinyungu changu, bustani yangu ya bondeni, hatua kama mia na ishirini chini ya bwawa la umeme la kijiji. Bwawa lenyewe dogo, tuta la udongo, kimo chake kama nguzo moja ya umeme. Lilijengwa nikiwa darasa la pili. Kila mtoto wa shule alipeleka jiwe lake, na mpaka leo nikipita naangalia kama langu bado lipo. Maji yanashuka kwa bomba hadi nyumba ya mashine, tunapata taa, tunasaga mahindi, na simu hii ninayoandikia imechajiwa hapohapo. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema napinga maendeleo.

Sasa pale chini ya tuta, upande wa kushoto ukilipa bwawa mgongo, kuna maji yanatoka miaka yote. Membamba, maangavu, baridi ya kuuma meno. Tunayaita chemchemi. Nimefulia hapo nepi za watoto wanne. Wiki mbili zilizopita nilikinga ndoo nikaenda kupalilia viazi, kurudi nakuta chini ya ndoo kuna udongo mwekundu umetulia. Nikasema ng'ombe hao. Kesho yake tena, na ng'ombe hawakupita. Juzi maji yote yamekuwa chai ya maziwa.

Nikamwendea mmoja wa kamati ya mradi. Akaniambia, "Mama, ni masika, maji yote yamechafuka." Mto umechafuka kweli. Lakini mimi ule mwaka wa El Nino nilikuwepo, mto ulibeba daraja, na chemchemi ikabaki kama kioo.

Halafu kuna hili. Juu ya tuta mtu kapanda mianzi ya ulanzi, mashina kumi na kitu, na miparachichi mitatu. Hakuna anayemsema, maana wanaokwenda kugema na kunywa pale asubuhi ni haohao wa kamati.

Hii kweli ni chemchemi? Na nimwambie nani anayesikia?

Chalii_wa_Uyole

Mama uza hivyo viazi uhamie mjini 😂 Utani tu. Ila mabwawa yanayoua watu ni yale makubwa ya kwenye habari. Vibwawa vya kijiji vina maji gani? Hapa Mbeya kule Mbalizi kuna kamtambo ka tangu enzi za mkoloni, nimezaliwa nimekakuta. Msitiane presha.

MzeeWaMashine (Njombe)

Marahaba binti yangu. Nimekaa na mashine ya maji miaka ishirini na sita kabla sijastaafu, ndogo kama hiyo yenu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, unisamehe. Wewe kijana wa Uyole nakuja kwako baadaye.

Hiyo haijawahi kuwa chemchemi. Ni bwawa linavuja. Usishtuke: tuta lolote la udongo huvuja kidogo, na lililojengwa vizuri huvuja maji safi miaka hamsini bila neno. Sisi tulikuwa na daftari la mvujo, kila Jumatatu tunaandika. Kiasi hakikuwa kinatutisha sana. Tulichokuwa tunatazama ni maji yametoka na nini.

Maji safi maana yake yanapenya katikati ya punje za udongo na kuziacha mahali pake. Maji ya chai ya maziwa maana yake yanazibeba. Udongo ulio kwenye ndoo yako umetoka ndani ya tuta. Kila ndoo inaacha nafasi kule ndani, na shimo linaanzia huku chini linakotokea maji, linakula kurudi nyuma kuelekea bwawani. Juu huoni kitu. Nyasi zimesimama, ulanzi unagemwa. Siku likifika kwenye maji ya bwawa, hapo hesabu ni ya saa, si ya siku. Marekani mwaka 1976 bwawa la Teton, tena kubwa na jipya kabisa, ndiyo kwanza lilikuwa linajazwa: asubuhi waliona mvujo wa maji ya matope, kabla ya saa sita mchana halipo.

Kijana wa Uyole, umesema vibwawa havina maji. Solai, pale Nakuru, Mei 2018, lilikuwa bwawa la shamba la mtu. Lilipasuka usiku, wakafa zaidi ya watu arobaini, wakiwemo watoto wengi. Maji hayaulizi ukubwa wa bwawa, yanauliza nani amelala chini yake.

Binti, fanya haya leo. Chukua chupa nyeupe ya plastiki, kinga maji, andika tarehe, iache usiku kucha, asubuhi pima tope kwa kidole. Kila siku chupa mpya. Chukua na ndoo ya lita ishirini, hesabu sekunde inazojaa. Angalia pia maji ya bwawa yamefika wapi kwenye ukingo. Bwawa likipanda na mvujo ukaongezeka, tuna muda wa kuongea. Bwawa limetulia palepale na mvujo unaongezeka, usingoje kikao. Tazama na kama pale yanapotoka kuna vichuguu vidogo vya mchanga vinachemka katikati kama uji.

Na asije mjuaji akaziba tundu kwa udongo au saruji! Ukiyaziba huku yatatafuta kwingine usikokuona. Kinachowekwa ni mchanga safi, juu yake kokoto, juu yake mawe, maji yapite udongo ubaki. Hata hilo lisimamiwe na mtu wa kazi.

Mianzi msikurupuke kung'oa. Mzizi ulio hai si adui mkubwa. Mzizi uliokufa ukaoza ndio unaoacha bomba ndani ya tuta.

Lile geti la chini la kutolea tope lilifunguliwa mara ya mwisho lini?

Maji_Gangilonga

Mzee amemaliza, naongeza la ofisini. Kama mto wenu unateremkia Kilombero au Ruaha Mkuu, basi mko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi zao ziko hapa Iringa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na Kanuni za Usalama wa Mabwawa za 2013 zinambebesha mwenye bwawa jukumu la usalama wake. Nendeni na barua ya mtendaji wa kijiji, picha, na hizo chupa. Usiende na maneno matupu, nenda na chupa.

Maji yateremshwe, lakini kwa utaratibu. Udongo wa upande wa ndani umelowa na unaegemea maji. Yakiondoka kwa mpigo unaporomoka. Kagueni na utoro wa maji leo, ile njia ya pembeni ya kupitishia maji yanayozidi bwawa likijaa. Nimeshakuta umejazwa magogo, nimeshakuta umelimwa mchicha.

MamaKinyungu

Nimerudi. Siku nne sikuwa na chaji, mtaelewa kwa nini.

Ndoo siku ya kwanza sekunde 41. Siku ya tatu sekunde 29, na bwawa liko palepale kwenye alama niliyochora na mkaa. Mzee, nilipoona hivyo watoto nikawapeleka kwa dada yangu kule mlimani jioni ileile, nikaenda kwa mtendaji na chupa tatu kwenye kapu. Hakusema masika. Alizitazama muda mrefu, akapiga simu Iringa.

Utoro wa maji tumekuta umezibwa kwa uzio wa matete, kimo cha kiuno, takataka zimejaa. Unajua kwa nini? Mtu kapandikiza perege bwawani, hataki watoroke! Geti la chini lilikuwa halijaguswa miaka. Fundi kashinda na grisi na nyundo siku nzima, jioni likalia kama nguruwe likafunguka kidogo. Mashine imezimwa, bwawa limeshuka kama urefu wa mkono. Mhandisi alikuja, akaweka mchanga na kokoto kama Mzee alivyosema, na anarudi Alhamisi.

Watu wamenuna. Mwenye mashine ya kusaga hanisalimii. Chalii wa Uyole, viazi siuzi.

MzeeWaMashine (Njombe)

Chupa ya leo asubuhi ikoje?

MamaKinyungu

Tope nusu kidole. Jana kimoja na nusu. Ndoo sekunde 36.

MzeeWaMashine (Njombe)

Watoto wabaki kwa dada yako. Kesho andika tena.