Mkuu wa shule ambaye ukimwona mjini leo bado unachomekea shati, tupeane uzoefu

#1
Wakuu habari. Juzi tulikuwa Kibosho msibani kwa mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa shule yetu advance (five na six), aisee koasta zimepaki hadi barabarani, watu wametoka Dar, Dodoma, wana vyeo vyao na bado wakikaa karibu na walimu wa zamani wanaficha simu mfukoni. Nikawaza mzee alitufanyia nini hasa, maana fimbo kila mkuu alikuwa nayo.

Mimi namkumbuka kwa stoo. Mzabuni akileta maharage mzee anashuka mwenyewe, anazamisha mkono mpaka katikati ya gunia, anatoa konzi anaimwaga kwenye mfuniko wa sufuria na kuchambua pale pale mbele ya dereva, akikuta yamebunguliwa gunia linarudi kwenye gari, hakuna cha "mkuu tutaongea". Makande alikuwa anakula yale yale ya kwetu na akitafuna jiwe analipeleka jikoni limeshikwa na vidole viwili, mpishi anajua leo kimenuka. Alianza mwalimu wa fizikia, akawa second master, yaani makamu mkuu, miaka kibao, ndo akapewa shule. Haya shusheni na za kwenu, ila kama ni lawama jina la shule kaa nalo.

#2
Kilimanjaro huwezi kuongelea wakuu ukamruka Mama Maria Kamm wa Weruweru. Kaongoza ile shule miaka mingi na hata alipotoka hakuwaacha mabinti, akaendelea nao kupitia taasisi ya Mama Clementina. Wamama wengi waliosoma pale ukitaja jina lake tu wanakaa vizuri kwenye kiti, mimi nimeshuhudia kwa shangazi yangu.

#3
Mi ni mtoto wa mkuu, Arusha huku. Mnamwona mkuu paredi, hamjui nyumba ya mkuu ilivyo. Saa nane usiku matroni anagonga, kuna binti kazidiwa bwenini, baba anatoka na koti juu ya kanzu ya kulalia anawasha pikapu kwenda hospitali ya Mount Meru, asubuhi yuko getini anahesabu wachelewaji. Sisi watoto wake shuleni tulikuwa tunamwita mkuu kama wengine na adhabu tulikuwa tunapewa za kuzidi, eti watu wasiseme. Alipofika 60 akastaafu na nyumba ya shule tukaiachia, mama ndo aliumia, migomba aliipanda yeye. Mpaka leo mzee saa kumi na moja alfajiri kashaamka na hana pa kwenda.

#4
Mnawapamba sana jamani. Kanuni za viboko shuleni za 2002 ziko wazi, fimbo zisizidi nne, achape mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Nilikosoma mimi (sitaji) hicho kitabu hatujawahi kukiona na hesabu ya nne ilikuwa ndo kwanza mtu anakunja mikono ya shati. Matokeo yalikuwa mazuri, sikatai, ila mi sikumwogopa kwa heshima, nilimwogopa kwa maumivu, hivi ni vitu viwili. Msichanganye.

#5
Mwalimu nipo kazini, Moshi vijijini. #4 una hoja. Ila ukuu wa sasa nao ni mtihani wake, tangu 2016 ada form one hadi form four hamna, 2022 five na six nao wakaondolewa, jambo zuri sana, shida mzazi kaelewa kwamba hata kiatu kinatoka serikalini. Maji yakikatika anapigiwa mkuu, choo kikijaa mkuu, matokeo yakitoka Necta (baraza la mitihani) akiwa na ziro nyingi anaitwa yeye wilayani ajieleze. Wenzangu wengi wakiguswa kupewa shule wanachomoa.

#6
Wangu alikuwa Arusha. Nikiwa form six mzee wangu alifariki, nikaacha shule kimya kimya nikawa nauza viazi soko la Kilombero na bi mkubwa. Jumamosi moja mkuu huyo hapo na kikapu, kapima viazi, kabishania bei kweli kweli mpaka bi mkubwa kamshushia, kalipa, ndo ananigeukia, "namba yako ya mtihani imeshakuja, Jumatatu nikukute paredi". Bi mkubwa akauliza michango itakuwaje, akajibu tu hiyo ni kazi ya ofisi yangu mama. Nilienda, nikapiga HGE yangu (historia, jiografia na uchumi) nikatoka na division two. Sasa hivi mzee yuko Usa River anafuga nguruwe, kila Desemba nampigia na swali lake halijawahi kubadilika, kazini siku hizi unafika saa ngapi?