Kiangazi hiki mnakaribishaje wageni nyumbani bila kujichosha? Tupeane uzoefu

Mama wa Kota (Buruburu)

Wanajamvi, hamjambo. Mvua za vuli zimetuaga, jua limeshika, karo imelipwa na mifuko iko kama mnavyojua ilivyo Njaanuari. Lakini huu ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuonana, na naumia nikiona watu wanajifungia hadi Pasaka kwa kuamini kwamba mgeni asipochinjiwa hajakaribishwa. Mimi sikubali. Nyumba yangu ina kiuwanja kidogo cha nyuma, cha kuanikia nguo, na hapo ndipo tunapokaa mwezi huu wote.

Nawaalika watu saa tisa, si saa saba. Saa saba jua liko utosini na mtu anakuja akitarajia sahani ya mchana. Saa tisa ameshakula kwake, kivuli cha ukuta kimeanza kuingia uwanjani, na mpaka jua litue karibu saa moja kasorobo tumekaa vya kutosha. Natandika mikeka, natoa viti viwili vya wenye magoti mabovu, basi.

Chakula changu ni embe. Zile za Makueni zimejaa kila kona sasa. Nazinunua zikiwa ngumu kidogo, naziacha dirishani ziive taratibu. Siku yenyewe nazipasua mashavu mawili, nachora mistari ya kukatizana kwa kisu bila kutoboa ganda, nalisukuma ganda kwa chini hadi nyama ichanue juu. Chumvi, pilipili ya kusaga, ndimu. Watoto wa kota nzima huwa wananukia embe hadi kwenye viwiko.

Haya, nanyi semeni. Mnapika nini, mnavaa nini, mnakaa wapi?

Ghorofa ya Sita (Pipeline)

Mama wa Kota, wenye uwanja mmebarikiwa. Huku kwetu dirisha langu linatazamana na la jirani, tunaweza kupeana chumvi bila kushuka. Tunapanda juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Jambo la kwanza ni kuzungumza na keateka, yule msimamizi wa jengo, mapema na kuwaomba majirani waanue kabla ya saa tisa. Nao tunawaalika, hapo hakuna anayenung'unika. Makaa hayaruhusiwi juu, kwa hiyo kila kitu kinapanda kikiwa tayari: chapati kwenye hotpoti, ndengu kwenye sufuria iliyofungwa na leso, na tikiti maji lililokatwa.

Neno ambalo nalisisitiza kwa anayeishi kwenye maji ya mgao ni hili: kila mtu aje na sahani yake na kikombe chake, na aondoke navyo vikiwa vichafu. Mnaona ni ajabu, lakini kinachomkatisha mtu tamaa ya kualika huku si bei ya unga, ni rundo la vyombo siku ambayo mfereji umekauka. Tangu tukubaliane hivyo kwenye chama chetu, hakuna anayekwepa zamu yake.

Bi Ukwaju (South C)

Asalaam aleikum. Mimi ni wa Mombasa, niliolewa huku bara, na nimekaa Nairobi hadi nimezoea baridi yake. Joto la Januari hapa kwangu ni burudani tu, kwa hivyo huwa napokea wageni sana.

Mahamri nakanda usiku, nayaacha yaumuke, nachoma asubuhi kabla jua halijapanda. Mbaazi za nazi nazo zinapikwa asubuhi hiyohiyo. Wageni wakiingia, jiko langu limepoa na mimi nimeoga. Hapo ndipo siri ilipo, wanangu. Mwenyeji anayetokwa na jasho jikoni huku wageni wako nje hajakaa na mtu.

Kinywaji ni maji ya ukwaju. Robo kilo ya ukwaju naroweka kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu kwa muda wa saa nzima, naufikicha kwa mkono hadi kokwa ziachane na nyama, nachuja, naongeza lita mbili na sukari na tangawizi iliyotwangwa. Nauonja kabla ya sukari, maana kuna ukwaju mkali na kuna mpole.

Sasa friji. Friji yangu ni ndogo na umeme una siku zake, basi natumia mtungi wa udongo. Udongo una vitundu vidogo mno. Maji yanapenya pole pole hadi nje, yanakauka kwa hewa, na yanapokauka yanaondoka na joto. Hewa ya Nairobi mwezi huu ni kavu kuliko ya pwani, kwa hivyo mtungi unapoza hapa vizuri kuliko ulivyopoza kwetu. Nauweka kivulini panapopita upepo, nauzungushia kitambaa kibichi. Juani haufai, na kabatini pia haufai.

Meza natandika leso. Jozi moja, kipande mezani, kipande begani mwangu juu ya dera. Mwenyeji na meza yake wamependeza kwa gharama moja.

Mtu wa Mitumba (Gikomba)

Kwa upande wa mavazi niwasaidie wanaume, maana naona wengi mnakwenda kualikwa na shati la ofisini. Njooni asubuhi marobota yakifunguliwa. Usitazame rangi kwanza. Kamata kona ya shati, ikunje ndani ya ngumi, hesabu hadi kumi, achia. Ikibaki na mikunjo hiyo ni pamba au kitani, nunua. Ikinyooka papo hapo ina polista nyingi na itakupika mgongo. Mikono mifupi, kola laini, rangi iliyopauka kidogo. Ukipata kubwa mpelekee fundi wa mtaani akupunguzie mbavuni.

Shosh wa Kahawa West

Na sweta, tafadhali. Mnaongea kana kwamba mko Kisumu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Jua likitua tu baridi inashuka. Mimi huweka kikapu chenye mashuka ya Kimaasai karibu na mlango, kila mtu anachukua la kujifunika na mazungumzo yanaendelea.

Mtoto wa Kakamega (Kangemi)

Nawaheshimu wote mliotangulia, ila mimi siafiki jambo moja. Embe na chai ni sawa kwa marafiki. Baba mkwe akija siwezi kumwekea embe. Kwetu mgeni mzito anachinjiwa kuku, na firigisi ina mtu wake. Akila embe akaondoka, ataulizwa nyumbani alipikiwa nini, na jibu hilo litamwaibisha binti yake.

Mama wa Kota (Buruburu)

Mtoto wa Kakamega, nimekuelewa na umesema kweli. Wazazi wana haki yao, na hiyo haipunguzwi kwa sababu ya jua. Ila nakuomba usiwapokee marafiki zako kwa kipimo cha baba mkwe. Hapo ndipo watu wanapoacha kualikana kabisa.

Baba wa Jiko (Uthiru)

Nyama pia inawezekana kwa mfuko mdogo. Kilo moja ya mbuzi inawatosha watu wanane ukiichoma vipande vikubwa, ukaja kuikata vidogo kwenye ubao mbele yao, ukaizungushia ugali na kachumbari nyingi. Wanakula polepole wakiwa wamesimama, kipande kimoja kimoja, hakuna anayejaza sahani. Makaa yawe yameshapata majivu meupe ndipo uweke nyama. Moto wenye ndimi unaunguza nje na kuacha ndani mbichi.

Kachumbari: vitunguu kata vyembamba, vifikiche kwa chumvi, vioshe, vikamue. Nyanya kata mwisho. Chumvi na ndimu tia nyama ikishashuka, la sivyo nyanya zitatoa maji na utakuwa na supu. Dhania usiipige kisu sana.

Ghorofa ya Sita (Pipeline)

Bi Ukwaju, shikamoo. Huo mtungi nimeupenda, friji sina. Nikienda kwa wanaouza vyungu kando ya barabara, pale kwenye miche ya maua, nitapata?

Bi Ukwaju (South C)

Marahaba mwanangu. Utapata, lakini vingi pale ni vya maua: vina tundu chini, vingine vimepakwa rangi. Rangi inaziba vitundu na maji hayapoi. Omba usiopakwa kitu, wenye shingo na mfuniko. Ugonge kwa kidole. Ukilia vizuri ni mzima, ukitoa sauti iliyokufa una ufa. Ukifika nao nyumbani ujaze maji ulale nayo, asubuhi uyamwage, urudie hadi harufu ya udongo ipungue. Na usiuoshe kwa sabuni, utainywa.