Kibegi cha kifuani kwa mtu wa bodaboda, mvua na safari: nichukue cha aina gani?

Binti wa Kiwira

Wakuu habari zenu. Huku Tukuyu mvua imeanza tangu alfajiri na bodaboda wangu kazima simu, kwa hiyo leo nina muda wa kuandika kwa kirefu. Mnivumilie.

Kazi yangu ni kununua parachichi shambani, Hass, kwa niaba ya tajiri mwenye ghala. Kutwa niko nyuma ya pikipiki: Kiwira, Isongole, Katumba, Masoko. Jioni napanda haisi kwenda Mbeya mjini kupeleka hesabu. Mara moja kwa mwezi nafika Njombe, na mara chache Dar.

Mwaka jana nilinunua kibegi cha kuvaa kifuani, cheusi, kina nembo ya rangi ya dhahabu. Muuzaji aliniapia ni ngozi ya ng'ombe. Huyo ng'ombe alianza kubanduka mwezi wa nne. Kwanza magamba madogo begani. Nikivua nyumbani, blauzi nyeupe ina vidoa kama nimebeba gunia la mkaa. Nikavumilia, maana fedha ilishatoka.

Kilichonichosha ni siku tunashuka barabara ya vumbi huko ndani ndani Kiwira, mashimo matupu. Kibegi kina vichwa viwili vya zipu, nami nilikuwa nimevikutanisha katikati. Kumbe kila tukirushwa vinaachana kidogo. Nimekuja kushtuka napapasa kalkuleta, hamna. Kitabu cha risiti, hamna. Tukageuza pikipiki. Kitabu tukakikuta mferejini kimelala kifudifudi, maji yanapita juu yake. Zile karatasi nyepesi zikilowa zinagandana. Ukibandua moja inakuja na nusu ya mwenzake. Nakala 11 za siku ile zikaharibika. Ilibidi nirudi nyumba kwa nyumba kuomba wakulima wanionyeshe risiti zao ninakili upya, na bibi mmoja yake alikuwa ameshawashia moto jikoni. Kilo zake nililipa kwa kumwamini tu, na tajiri akanikata.

Ninachobeba: simu mbili, powerbank ya mAh 20,000, kitabu cha risiti cha A5, kalkuleta, kalamu, pochi ya fedha, kitambulisho cha NIDA, mtandio, na vitu vya mwanamke ambavyo sivitaji hapa. Mizani ya kuning'iniza nayo nilikuwa naisokomeza humo humo.

Maswali yangu: kiwe na ukubwa gani? Kitambaa gani kinaiweza mvua ya huku? Na mimi ni mashoto. Kile cha zamani kila nikikivuta kuja mbele zipu inakuwa upande wa chini. Ni mimi sijui kuvaa au kimeshonwa hivyo? Bajeti 40,000, ikizidi sana 50,000. Nawasilisha.

Mkazi wa Kabwe

Dada, chukua begi la mgongoni la kawaida, yaishe. Hivi vibegi vya kifuani ni vya vijana wanaouza sura mjini.

Binti wa Kiwira

Kaka, la mgongoni nimebeba miaka miwili. Kila shamba unavua, unaliweka kwenye tope, unatoa kitabu, unaandika, unavaa tena. Siku nzuri napita mashamba 9. Halafu kwenye haisi ya Uyole saa 12 jioni, begi la mgongoni ni mali ya aliyesimama nyuma yako.

Fundi Sindano

Nashona viatu na mabegi hapa Mbeya mwaka wa 14 sasa. Ngoja nimwage nilichonacho.

Begi usilitazame usoni. Lifungue, ingiza mkono, lipindue bitana uone lilivyoshikwa. Vibegi vya kifuani vinavyoletwa kwangu vinaugua ugonjwa mmoja: mkanda kung'oka pale unapoingia kwenye mwili wa begi. Vingi vya bei poa, mkanda umeshikwa na mstari mmoja tu wa cherehani, nusu sentimita kutoka ukingoni, halafu bitana inafunika aibu. Unachotaka ni mkanda ulioingia ndani vizuri, ukashonwa kisanduku chenye msalaba katikati, au mshono wa kwenda na kurudi uliosongamana kama kitundu cha kifungo cha shati. Shika mkanda mkono huu, begi mkono huu, vuta kwa nguvu mbele ya muuzaji. Akinuna, jibu umeshapata.

Zipu. Geuza kile kichwa, mara nyingi mgongoni kina namba: 3, 5, 8. Hiyo takriban ndiyo milimita za upana wa meno yakishafungwa. Namba 3 ni ya gauni na pochi. Mfuko mkubwa wa begi usikubali chini ya 5. Wengi wanatafuta maandishi ya YKK, na ni kweli Wajapani hao wako kwenye zipu tangu 1934, lakini kuchonga herufi tatu kwenye kipande cha chuma hakumshindi mtu. Mimi naiamini kona. Vuta zipu polepole kwenye kona, ikikwama mara mbili mpya dukani, ikishakula vumbi la Kiwira itakuwaje? Na ile inayofunga mbele huku nyuma inaachana, kosa si meno, ni kichwa kimelegea. Kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili, kidogo kidogo, kisha pitisha mshumaa kwenye meno. Usikimbilie kubadilisha zipu nzima, na hapo najinyima riziki.

Vichwa viwili usivikutanishe katikati kamwe. Visukume vyote mwisho wa juu, upande wa bega, halafu vishikio uviunge na kipete cha funguo. Hata kibaka wa stendi atahitaji mikono miwili na muda.

Kitambaa. Hiyo ngozi yako ni kitambaa kilichopakwa plastiki ya polyurethane. Unyevu unaimeng'enya taratibu hata ukiwa umelitundika ndani, na huku kwetu unyevu ndio hewa yenyewe. Haina tiba, usimpe fundi fedha yako. Ngozi halisi ni nzuri ila huko Rungwe ukiisahau kidogo inaota ukungu. Chukua nailoni au poliesta nzito. Ukiona 500D au 1000D, hiyo D ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa hiyo namba ikipanda uzi ni mnene. Lakini kitambaa kizito bila mpako wa ndani kinakunywa maji kama sponji. Na hata chenye mpako, maji yanapenya kwenye matundu ya sindano na kwenye zipu. Zile zipu zenye utando wa mpira juu zinazuia manyunyu, hazizuii mvua ya Tukuyu ukiwa kwenye pikipiki. Kitabu chako kivalishe nailoni, ile ya kufunikia madaftari ya watoto. Ni bei ya maandazi.

Kuhusu umashoto, dada huna kosa. Kibegi ambacho mkanda umeshonwa moja kwa moja kwenye kona kimekatwa kwa ajili ya bega moja. Ukikivaa bega jingine kinapinduka. Dukani kivae bega lako unalotaka, kisukume mgongoni, kisha kivute kuja kifuani kama unataka kutoa simu. Zipu iangalie juu. Ikiangalia chini, si chako hata kama rangi umeipenda. Ukipata chenye pete pande zote mbili na mkanda unaochomoka, utauhamishia upande wako mwenyewe.

Mama Maharage

Shikamoo fundi, umesema yote ukasahau ukubwa.

Mwanangu, mimi nauza maharage Mwanjelwa. Lita zilizoandikwa kwenye kikaratasi cha begi usiziamini. Binti yangu aliniletea kimoja kimeandikwa lita 6. Nikamwambia lete hapa. Sado, hii ndoo ndogo ya kupimia, si lita 4? Nikapima sado ya kufuta, siyo ya kurundika, nikamimina. Ikaingia sado moja, ya pili haikuingia hata robo, zipu ikagoma. Lita 6 ziko wapi?

Wewe kwa vitu ulivyotaja, ukiitoa hiyo mizani, sado moja na kidogo inakutosha. Ila nenda na kitabu chenyewe dukani, usiende na kumbukumbu. A5 ni sentimita 21 kwa 15, na vibegi vingi vinaishia 19 au 20. Kitabu kikiingia kwa kukunjwa kona, jua miezi miwili tu kona itakuwa imetoboa bitana.

Na usinunue la lita 10 ukisema nafasi itabaki. Nafasi haibaki. Watu wa viazi tunajua lumbesa inaanzaje: ni kakiazi kamoja tu juu, halafu kengine.

Mpiga Debe Mstaafu

Fundi anakula shikamoo mtandaoni, haya.

Mimi natoka Tunduma kwenda Dar mara kwa mara. Upande wa safari naongeza machache. Kwenye basi usiku kibegi kikae kifuani na mkanda upite ndani ya koti, siyo juu yake. Mkanda ulio juu ya koti unakatwa kwa wembe umelala, unaamka Mafinga na mkanda wako begani, begi liko Makambako. Kwa baridi ya kule koti hutavua, kwa hiyo pima kibegi ukiwa umevaa koti. Dukani Mwanjelwa saa 7 mchana umevaa tisheti, mkanda unatosha. Mwezi wa sita juu ya sweta na jaketi, hautoshi.

Ukipanda ndege Songwe, powerbank iwe kwenye kibegi hicho hicho, usiitie kwenye begi la kukabidhi, hairuhusiwi. Ya mAh 20,000 haina shida: zidisha ampea-saa 20 kwa volti 3.7, unapata wati-saa 74, na kikomo cha kupita bila kuomba ruhusa ni 100. Ila maandishi yake yawe yanasomeka. Yangu yalifutika kwa kusuguana na funguo, mkaguzi akaniuliza hii ni ya ngapi, nikasema "nadhani". Ikabaki palepale mezani.

Mhehe wa Mlandege

Kamwene. Mbona hakuna aliyetaja mtumba? Mimi changu nimekitoa mnadani Iringa, 12,000, mwaka wa tatu huu. Kama ni cha kubanduka, kingeshabandukia huko Ulaya kwa mwenyewe. Kipya ndicho cha kubahatisha.

Fundi Sindano

Mtumba sawa kabisa, ila ingiza mkono ndani. Ule mpako ukinata vidoleni au ukinuka kama mafuta ya taa yaliyochacha, umeshaanza kufa. Rudisha kwenye rundo.

Binti wa Kiwira

Narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita.

Nilienda soko la Sido na kitabu cha risiti kwapani na koti nimevaa, jua linawaka, vijana wa mitumba wananiangalia kama nimetoka wodini. Nimekagua vibegi vingi hadi muuzaji mmoja akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Viwili vizuri vilikuwa vya bega la wenzenu. Kimoja kilinata ndani, kweli kama fundi alivyosema, na harufu ile ile.

Nilichochukua ni cha kijivu, nailoni, zipu namba 5, pete pande zote mbili. 18,000 baada ya kuvutana kutoka 30,000. Kitabu kinaingia kimelala na kidole kimoja kinabaki juu. Nilipopindua bitana nikakuta mkanda umeshikwa na ule mstari mmoja wa aibu. Nusura nikiache, halafu nikapiga hesabu: fundi wa jirani kanifanyia visanduku viwili vya msalaba kwa uzi wa kushonea viatu kwa 3,000, jumla 21,000, na bajeti imebaki. Uzi ni mweupe juu ya kijivu, umekaa kama mshono wa hospitali, nami ndivyo ninavyokipenda.

Mizani nimeitoa. Naifunga kwa kamba kwenye keria ya pikipiki.

Juzi mvua ilitukamatia Masoko, hapana pa kujificha, saa nzima. Nilipofika nilikuta maji kama kijiko kimoja kwenye kona ya chini, mtandio umelowa. Kitabu ndani ya nailoni yake kikavu, risiti zote 14 zinasomeka. Vishikio vya zipu nimeviunga kwa kipete, ingawa sasa kila nikitaka kalamu napigana nacho na mkulima anasubiri huku anacheka.

Ndaga fijo wote, na Mama Maharage shikamoo. Kero iliyobaki ni moja. Kibegi kinakaa katikati yangu na dereva, na powerbank nimeiweka mfuko wa mbele. Anasema kila akifunga breki inamchoma mgongoni. Nimemwambia apunguze mwendo.