Mrejesho: Pampu ya joto la ardhini na nyumba isiyopata joto

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini nyumba yetu hapa Uppsala, Sweden, ina baridi ilhali pampu ya joto la ardhini (mashine ya umeme inayovuta joto kutoka kisima kirefu na kupasha maji ya kuongezea nyumba joto) inanguruma kutwa na bili ya umeme inapaa. Aliyesema nitoe hewa kwenye redieta (vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto kupasha chumba) na kufungua valvu zote, ubarikiwe: hewa ilitoka ikifoka, yakafuata maji meusi, redieta zikapata joto. Nikashusha joto la maji ya redieta kutoka nyuzi 55 hadi 45, bili ikapungua.

Chumba cha juu bado kina ubaridi. Redieta yake ndogo mno. Na kupoza nyumba kiangazi kwa ubaridi wa kisima kupitia redieta hizohizo, fundi kakataa katakata: mabomba ya baridi yatatoka jasho kwa unyevu wa hewa, sakafu ilowe. Inatakiwa feni maalumu yenye bomba la kutolea maji. Hiyo mpaka mfuko uruhusu. Asanteni sana.