Bodi ya mawimbi: begi la dukani, la kushonesha au katoni?

Kijana_Kigamboni: Wakuu habari zenu. Nina bodi ya futi 6 na inchi 2, ya epoksi (faiba yake imegandishwa kwa gundi ya epoksi), niliuziwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Msimu wa kusi ukiisha mawimbi yanalala, nami huiweka stoo mpaka mwakani. Safari iliyopita stoo yenyewe ilikuwa ya mabati. Nilipoitoa nilikuta malengelenge mawili mgongoni, moja kubwa kama kiganja, ukilibonyeza linazama. Iliniuma sana.

Sasa mwezi wa saba nakwenda nayo Durban, ndege mbili kwenda na mbili kurudi. Nimeona njia tatu: begi la safari la dukani lenye sponji ya milimita 10, ambalo bei yake ni nzito kwangu, kushonesha begi la turubai na sponji ya godoro, au kuifunga kwenye katoni. Waliosafiri na bodi, ninyi mlifanyaje?

DadaWaPaje: Kaka pole kwa bodi. Begi la turubai nimelitumia miaka mingi, boti ya Dar na Unguja kila mwezi, kwa hiyo nasema ninachokijua. Tatizo si fundi, ni godoro. Sponji ya godoro inanyonya maji kama kitambaa. Rushio moja la bahari, begi linabaki na unyevu wa chumvi wiki nzima, ndani kunaota ukungu. Isitoshe inabonyea mpaka mwisho, ukiweka mzigo juu ni kama hakuna kitu.

Nenda kanunue mikeka ya sponji ya mazoezi, ile ya kujikunja wanayotandika gym. Hiyo hainyonyi maji. Miwili inatosha bodi yako. Mpe fundi aishone katikati ya turubai na kitambaa laini cha ndani. Turubai liwe jeupe au la rangi ya fedha, la bluu iliyokoza linachemka juani. Zipu iwe ya plastiki yenye meno makubwa, ya chuma ikikutana na chumvi hufungi wala hufungui.

Mzee_wa_Faiba: Malengelenge hayo ni joto. Hewa iliyomo kwenye povu inatanuka, inasukuma ngozi ya faiba mpaka inaachana na povu. Hata begi la bei kubwa lisingeiokoa chini ya bati, lingezidisha tu. Bodi haikai stoo ya mabati, wala ndani ya gari lililofungwa vioo saa saba mchana. Chini ya makuti penye upepo ni pazuri kuliko chumba.

Kabla ya kuihifadhi ioshe kwa maji baridi, uikaushe kivulini, nta yote uikwangue, kamba ya mguuni uifungue. Ilaze ukingo kwenye mikono miwili ya mbao uliyoviringishia kanga kuukuu. Usiisimamishe mkia kwenye saruji.

Na jambo moja naomba vijana mlishike. Bodi ya epoksi kwa kawaida ndani ina povu jeupe la punje punje, kama maboksi ya samaki na barafu. Ikipasuka usimpelekee fundi wa boti akapaka rezini ya poliesta, ile gundi ya faiba wanayotumia kwenye boti. Ile inayeyusha povu hilo. Kuna kijana aliniletea bodi imetoboka shimo la kuingia ngumi, na mwanzo ulikuwa ufa wa kucha. Dai rezini ya epoksi. Na ufa ukiwa wazi usiingie nayo majini, povu linavuta maji.

Kijana_Kigamboni: Shikamoo mzee. Kumbe nilikuwa nimeshamwachia fundi wa boti! Nampigia sasa hivi.

Mzee_wa_Faiba: Marahaba. Mpigie.

Msasani_Majini: Kwa ndege naongeza haya. Mimi mkia wangu ulivunjika ndani ya begi la milimita 10, kwa hiyo unene wa begi peke yake haukulindi. Bodi inaumia puani, mkiani na kingoni, katikati mara chache. Nunua sponji nyeusi ya mabomba ya AC, ipasue kwa urefu, uivike ukingo mzima kuzunguka, uibane kwa selotepu ya karatasi. Puani vika katoni iliyokunjwa mara mbili, juu yake taulo. Mapezi yote yatoke, uyafunge kwenye soksi, yasigusane na bodi.

Katoni tupu kama begi sishauri. Likilowa limekwisha, na kurudi utalipata wapi? Lakini katoni ndani ya begi ni kinga nzuri mno.

Bodi nyingine za epoksi zina skrubu ndogo ya kutolea hewa. Kama yako inayo, ilegeze kabla ya kupanda ndege, uikaze kabla ya kugusa maji. Uliza shirika lako urefu wanaoupokea na ulipate jibu kwa maandishi. Ukifika, fungua begi hapo hapo uwanjani kabla ya kutoka. Mimi nilifungua hotelini, wakanikatalia fidia.

Nungwi_Boy: Mkuu, kwa nini usikodishe huko huko Durban? Bodi zipo.

Kijana_Kigamboni: Nimeifikiria kaka. Ila hii ndiyo niliyojifunzia kusimama, najua inavyogeuka. Nataka niijaribu kwenye mawimbi yale.

Nimeamua: turubai jeupe, mikeka miwili, sponji ya AC ukingoni. Fundi anataka vipimo kesho asubuhi. Nimpe vya bodi kamili?

DadaWaPaje: Hapana! Ivike kwanza sponji na katoni, ndipo upime. Kisha ongeza inchi 3 puani na 2 mkiani. Begi langu la kwanza lilibana, zipu ikapasuka bandarini.

Msasani_Majini: Na mshipi wa kubebea ushonwe kuzunguka begi zima kwa chini, usiishie kwenye mshono wa pembeni. Wapakizi wanaivuta kwa mshipi.