Naomba ushauri: mota moja ya droni inatetemeka tu, haizunguki

Habari zenu wakuu. Nina droni ya rota nne ya kuunda nyumbani, betri ya seli nne (volti 14.8), ESC (vidhibiti vya kasi ya mota) zote nne ziko kwenye bodi moja. Imenifikia ikiwa imeshaunganishwa na mtu mwingine, na kazi yake ya kulehemu inatia huruma: nyuzi za waya zimechomoza hadi karibu na pedi (sehemu ya kulehemu waya kwenye bodi) ya jirani.

Mota ya nyuma kulia inatetemeka tu. Propela zote nimezitoa kwanza. Mota hiyo nikiihamishia pedi za mota nyingine inazunguka vizuri, na mota nyingine iliyo nzima nikiileta hapa nayo inatetemeka, kwa hiyo mota haina kosa. Suala la kubadilisha waya mbili kati ya tatu naliweka kando, maana hilo hugeuza mwelekeo tu.

Betri ikiwa nje na waya za mota nimezibandua, nimepima kwa mita: pedi moja dhidi ya hasi ya betri inasoma karibu ohm sifuri, mbili nyingine ziko juu. Nimesafisha na kulehemu upya, kipimo ni kilekile. Nahisi mosfeti (swichi ya kielektroniki ndani ya ESC inayopitisha umeme wa mota) imepiga shoti, ndiyo maana betri sijaichomeka tena.

Maswali yangu: kuna aliyewahi kubadilisha mosfeti moja kwa hewa moto bila kuharibu za jirani, au IC (chipu) inayoiendesha nayo huwa imeshaungua? Na kama ni kununua upya, je, nihamie ESC nne tofauti, ili siku nyingine ikifa moja nibadilishe hiyo tu? Uzito kuongezeka kidogo si tatizo kwangu.